Kutoka filamu kwenda kichekesho cha TV: je, ni kushuka?

Mkuu, umeuliza kama ukikubali kuwa mpiga picha wa kile kichekesho cha TV cha kila wiki utakuwa umeshuka, maana miaka minne umejijengea jina kwenye filamu fupi na unaogopa watu watasema umeishiwa. Kazi hiyo nimeifanya, na niliingia na dharau hiyohiyo, kwa hiyo niwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Kuna mpiga picha wa filamu anaitwa Karl Freund. Alizaliwa 1890 huko Bohemia, ambako leo ni Jamhuri ya Czech, akakulia Berlin, na akiwa na miaka 15 alikuwa tayari anajifunza kuendesha mashine ya kuonyeshea sinema. Mwaka 1924 alimpigia mwongozaji F. W. Murnau filamu ya The Last Laugh. Enzi hizo kamera lilikuwa dude zito, likishakaa kwenye miguu yake mitatu limekaa. Freund akajifunga lake kifuani akayumba nalo, kwa sababu mhusika alikuwa amelewa. Filamu inafunguka ndani ya lifti inayoshuka, kisha kamera inakata ukumbi wa hoteli kuelekea mlangoni, na kilichoibeba ni baiskeli. Itafute uitazame leo usiku, halafu kumbuka hapakuwa na gimbali, kile kifaa cha kutuliza kamera, wala droni. Miaka mitatu baadaye akawa mmoja wa waliopiga filamu ya Metropolis.

Akahamia Marekani. Yale macho ya mwigizaji Bela Lugosi yanayong'aa kwenye filamu ya Dracula ya 1931, uso wote uliobaki ukiwa kizani, ni mkono wa Freund: taa ndogo zimelengwa machoni tu. Mwaka uliofuata akaongoza The Mummy. The Good Earth ya 1937 ikampa Oscar ya upigaji picha.

Sasa sikiliza. Mwaka 1951, akiwa na miaka 61 na Oscar yake kabatini, mzee huyu akaenda kupiga kichekesho cha TV, I Love Lucy.

Hakwenda kwa njaa, maana alikuwa tayari na kampuni yake ya vipimo vya mwanga. Alikwenda kwa sababu palikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyekuwa amelitatua sawasawa. Vipindi vingi vya TV vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na waliokuwa mbali walipelekewa nakala iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni, picha imefifia kama inaonekana kupitia chandarua. Nyota wa kipindi hicho, Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, hawakutaka kuhama Hollywood. Wakaamua watumie filamu ya milimita 35, mbele ya watazamaji kama 300 waliokaa ukumbini, kamera tatu zikipiga kwa pamoja.

Wewe mpiga picha unaelewa balaa lililopo hapo. Kwenye filamu unapiga picha pana, unasimama, unahamisha taa, unasogea usoni. Hapa pana na karibu zinapigwa kwa dakika moja, na watu 300 wanacheka, huwezi kuwaambia wangoje nisogeze stendi. Arnaz alisimulia kwamba Freund mwenyewe mwanzoni alimwambia haiwezekani, kwamba mwanga unaoifaa picha pana hauufai uso.

Kisha akakaa chini akalitatua. Taa karibu zote akazitundika juu, sakafu ikabaki wazi kwa kamera za magurudumu. Kamera ya kati ikachukua chumba kizima, mbili za pembeni zikachukua nyuso. Mwanga akausambaza sawa, ili mwigizaji asimame popote na bado aonekane. Lakini kinachonigusa zaidi ni hiki: aliona kwamba televisheni za wakati ule zinaikaza picha, kivuli kinageuka shimo jeusi na cheupe kinawaka. Kwa hiyo akapunguza tofauti ya mwanga na kivuli kuanzia kwenye seti yenyewe, na kuta zikapakwa rangi za kijivu zilizopimwa kwa jinsi kamera inavyoziona.

Hilo la kuta nilijifunza kwa maumivu kabla sijawahi kulisoma. Kituo kimoja, jina tuliache, kiliniita nipige kichekesho cha familia, seti ni sebule. Nikaja na ufundi wangu wa filamu: taa moja kali dirishani, upande wa pili giza, na tepe sakafuni kila mwigizaji anapotakiwa kusimama. Tulikuwa na mzee mmoja aliyekulia kwenye maigizo ya jukwaani, mtu ambaye akiinua kikombe tu ukumbi unacheka. Siku ya kwanza hakuchekesha hata mara moja. Alikuwa anatazama chini anatafuta tepe. Mchana akaniita pembeni: "Mwanangu, mimi nikianza kufikiria miguu, mdomo unasahau." Niliona aibu sana, kwa sababu nilikuwa nimemwibia kazi yake ili kivuli changu kipendeze.

Usiku ule tukang'oa kila kitu. Taa tatu juu ya ukuta wa mbele, shuka nyeupe mbili tukazitandaza chini yake ili mwanga ulainike, na taa moja nyuma ya kila mlango kutenga mabega na ukuta. Bado nyuso zikawa nyeusi tii. Nikaongeza taa, zikazidi kuwa mbaya. Saa saba usiku fundi rangi ndiye aliyeona: kuta tumezipaka nyeupe pe, kamera inaufuata weupe na kuwazamisha watu wetu wenye ngozi nyeusi. Akafungua kopo la rangi nyeusi, akawa anamimina kidogo kidogo kwenye nyeupe, anakoroga kwa kijiti, anapaka kipande cha ukuta cha ukubwa wa daftari, mimi natazama kwenye kioo cha kamera. Cha nne, rangi ya majivu ya mkaa, nyuso zikatokea. Sijabadilisha taa hata moja. Kesho yake yule mzee alitembea anapotaka, na mara mbili nililazimika kuuma shati nisicheke kwenye sauti.

Ninajua mwanga sawa una jina baya kwetu, na sababu ipo. Tamthilia nyingi zinawasha taa zote zinazopatikana, uso unakuwa kama chapati, mtu na ukuta vinashikana. Huo ni uvivu, na ukiajiriwa kufanya hivyo kataa. Alichofanya Freund ni kupima kila upande mpaka mwanga usahaulike na mwigizaji awe huru. Alikuwa mpimaji kwelikweli. Baadaye Akademi, wale wanaotoa Oscar, ilimpa tuzo ya ufundi kwa kipimo cha mwanga alichokibuni. Alibaki na Lucy hadi 1956, na picha zile bado ni safi mpaka leo kwa sababu zilipigwa kwenye filamu na mtu aliyejali.

Kwa hiyo ikubali, ila kabla ya kusaini omba mambo mawili: siku nzima ya kutundika taa bila waigizaji, na ruhusa ya kuchagua rangi ya kuta. Wakikunyima la pili, pigana. Ukipata mchoro wa seti uuweke hapa, milango na madirisha yaonekane na urefu wa dari uandikwe, nitakuwekea alama mahali ambapo ningetundika taa zangu.