Usichume mbegu zote kwenye mpaina mmoja

Ndugu yangu, umesema unataka kupanda ekari 5 hapo Njombe kwa mbegu za ule mpaina mmoja ulionyooka kuliko yote shambani kwa mzee. Nakuomba usifanye hivyo. Miche yote itakuwa ya mama mmoja, na mingine itatokana na mti kujichavusha wenyewe. Anika koni (matunda yanayobeba mbegu) za mpaina uliosimama peke yake, zikifunguka bonyeza mbegu kwa ukucha: utakuta nyingi ni pepe. Zinazoota nazo mara nyingi hudumaa, na siku ukichuma mbegu kwenye kizazi hicho, ndugu watakuwa wamezaana wao kwa wao na hali itazidi kuharibika.

Chuma kwenye miti mizuri 25 au 30, iliyoachana kama mita 100, na kila mti utoe kiasi sawa cha mbegu. Hapo penye kiasi sawa ndipo wengi hukosea: mti wenye koni nyingi unajaza gunia, mingine inabaki jina tu. Miti isipotosha, nunua mbegu TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na uulize zimechumwa kwenye miti mingapi.

Hata mikaratusi ya kloni, yaani miche inayotokana na vipandikizi vya mti mmoja na kufanana nao kabisa, changanya kloni kadhaa. Kinyigu anayetia vinundu kwenye majani alipoingia Kenya mwaka 2002, kloni nyingine ziliathirika vibaya, nyingine zikahimili.

Ule mpaina wa mzee usiukate. Uwe mmoja kati ya hiyo 30.