Ukimtafuta askari mweusi huru, anzia kwenye mshahara

Wengi wanaoanza kusoma maisha ya askari weusi huru katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani hukimbilia shambulio la Fort Wagner, ngome ya waasi wa Kusini huko South Carolina, la Julai 1863. Ndugu zangu, wekeni bunduki pembeni kwanza, fuateni pesa.

Askari mzungu alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi alipangiwa 10, akakatwa 3 za sare, akabaki na 7. Rejimenti ya 54 ya Massachusetts, kikosi cha askari weusi kilichoshambulia Fort Wagner, ilikataa kuzipokea. Jimbo lao likajitolea kufidia tofauti. Hilo nalo wakalikataa, maana deni lilikuwa la serikali kuu. Huku nyuma wake na watoto wao walikuwa wakitaabika.

Someni barua ambayo Koplo James Henry Gooding wa rejimenti hiyo, aliyewahi kuwa baharia wa meli za kuwinda nyangumi kutoka New Bedford, alimwandikia Rais Lincoln Septemba 1863. Anauliza kama wao ni askari au vibarua. Mimi hunigusa zaidi pale anaposisitiza kwamba hawauoni utumishi wao kuwa na thamani kuliko wa waliokuwa watumwa, kisha papo hapo anataja uhuru wao. Alijeruhiwa na kutekwa kwenye mapigano ya Olustee, Florida, Februari 1864, akafia gereza la Kusini la Andersonville mwezi Julai, kabla wenzake hawajalipwa malimbikizo yao.

Sasa hapa muwe makini sana. Sheria ya Juni 1864 iliwapa mshahara kamili tangu kuandikishwa wale tu waliokuwa huru tarehe 19 Aprili 1861. Kwenye kadi za utumishi wao jeshini mtaona imeandikwa kwamba fulani alikuwa huru siku hiyo. Msiichukue kama cheti cha kuzaliwa! Kanali Edward Hallowell, kamanda wa Rejimenti ya 54, aliwatungia askari wake kiapo: kwamba siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kudai kazi yao bila malipo. Hata aliyetoroka utumwani aliweza kuapa hivyo bila kusema uongo, kwa kuwa haki hiyo haikuwapo kamwe.

Ukimaliza kadi, omba jalada la pensheni katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. La mjane ndilo lenye utajiri. Asiyekuwa na cheti cha ndoa ilibidi alete mashahidi, na majirani hao wanaeleza nani alimwoa nani, watoto walizaliwa lini, mume alirudi na maradhi gani. Andika majina ya mashahidi wote, kisha tafuta majalada yao pia.