Udi, seredani na mashine ya Mama

Ilikuwa Alhamisi baada ya Magharibi. Mama mdogo alikuja kutoka Majengo kumtazama dadake, na kwa ada ya usiku wa Ijumaa akawasha udi. Chetezo alikiweka juu ya kigoda kando ya kitanda ili shuka na mito ishike harufu. Mama alikuwa msalani. Tyubu ya puani ameiacha juu ya mto, na mashine ya oksijeni inanguruma vile vile, lita mbili kwa dakika, ikiupulizia mto.

Kaa moja likapasuka. Sote tuliokulia Mombasa tumeona kaa likipasuka kwenye chetezo: cheche huruka, hutoboa shuka kitundu cha punje ya mtama, mtu akakifinya kwa vidole na mazungumzo yakaendelea. Usiku ule cheche haikutoboa. Iliwaka. Mwali ulipita juu ya foronya kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye kitambaa, na kabla sijafika kitandani tyubu yenyewe ilikuwa ikiungua kwa sauti ya kuzomea. Nilichomoa mashine ukutani, nikauvuta mto hadi sakafuni, mama mdogo akaumwagia ndoo ya maji. Tukabaki kutazamana. Mama akatoka msalani, akauliza ni nani anayechoma plastiki.

Karatasi tuliyopewa pamoja na mashine ilikuwa imeonya juu ya sigara kutoka juu hadi chini. Mamangu hajavuta sigara maishani mwake. Mapafu yake yaliliwa na moshi wa kuni, karibu miaka 40 ya kukaanga mahamri alfajiri. Udi haukutajwa, wala seredani, wala ile dawa ya mbu ya kuwasha, wala mafuta ya nazi. Nyumba yetu hasa haikuwemo kwenye karatasi ile.

Muuguzi wa kliniki ya kifua ndiye aliyenieleza vizuri. Oksijeni yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kuuchochea moto. Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, na inayotoka kwenye mashine kama yetu hufika asilimia 90. Haina rangi wala harufu, kwa hivyo huwezi kujua imejaa wapi. Nguo huishika, na godoro, nywele, ndevu za mzee pia. Kitu ambacho kwa kawaida kingefuka moshi tu, hapo hulipuka mwali. Nikakumbuka habari ya Aprili 2021, hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad ilipoungua usiku na wagonjwa wa korona wodini, na mitungi ya oksijeni ikatajwa. Watu zaidi ya 80 walikufa. Niliisoma siku ile nikaipita. Baghdad ni mbali.

Kwa hivyo ushauri ninaoupigia kelele kuliko yote ni huu: tyubu ikitoka puani, mashine izimwe. Hata kama ni kwenda msalani dakika mbili. Usiilaze juu ya kitanda wala kwenye kochi ikiwa inapuliza. Mama alikuwa akilalamika kwamba kuwasha na kuzima kutaiharibu mashine. Haiharibiki. Kilichoharibika kwa kuiacha ikipuliza ni foronya.

Muuguzi aliniambia moto wowote ukae angalau mita tatu kutoka kwa mgonjwa na mashine. Chumba cha Mama kina mita tatu na kidogo. Maana yake ni kwamba chumbani humo moto hauingii kabisa: si chetezo, si mshumaa, si koroboi, si dawa ya mbu. Tumemfungia chandarua.

Jikoni ndiko kulikotupa kazi. Tyubu yetu ya kurefusha ni ndefu, na Mama aliona raha kutembea nayo nyumba nzima. Siku moja namkuta ameinamia seredani, anapepea makaa, na tyubu iko puani. Sikupiga kelele, maana mtu mzima ukimpigia kelele jikoni mwake huna utakachopata. Nilimshika mkono tukatoka uani. Niliyojifunza baadaye ni kwamba hata ukivua tyubu na kuzima mashine, nguo hubaki na oksijeni kwa muda. Sisi hungoja nusu saa, dirisha wazi, leso imekung'utwa. Lakini mtu anayetakiwa kuvuta oksijeni saa 15 kwa siku hana nusu saa nyingi za kuchezea. Suluhisho letu likawa kiti ukumbini, mbali na mlango wa jikoni. Anakaa pale na tyubu yake, anaamuru: punguza makaa, geuza, chumvi hiyo haitoshi. Viazi karai vya nyumba hii sasa vinakaangwa kwa mdomo wake na mikono yangu.

Mafuta ni jambo ambalo wengi hawalitarajii. Oksijeni hukausha pua na midomo, na dawa ya Mpwani kwa kila kilichokauka ni mafuta ya nazi. Usipake usoni mafuta yoyote wala ile jeli ya mgando ya watoto. Duka la dawa huuza jeli iliyotengenezwa kwa maji, na hiyo inatosha. Kwenye mtungi wa oksijeni ni hatari zaidi, kwa sababu ndani gesi imeshindiliwa kwa nguvu kubwa mno. Mikono yenye mafuta isiguse valvu wala saa ya kupimia. Ikigoma kufunguka, usiitie mafuta wala grisi kama bawaba ya mlango. Irudishe kwa aliyekuuzia. Mimi hunawa kwa sabuni na kujikausha kabla ya kuushika.

Mtungi wenyewe tunao wa akiba kwa sababu ya stima kupotea. Na hapo pana mtego: stima ikikatika, saa ile ile unayofungua mtungi ndiyo saa ambayo mkono wa mtu unakwenda kwenye kiberiti kutafuta mshumaa. Nimefunga tochi kwenye shingo ya mtungi kwa kamba, kiberiti nimekihamishia jikoni. Umesimama wima, umefungwa mnyororo ukutani, maana ukianguka valvu ikavunjika unaruka kama kombora. Na usiuweke pamoja na mtungi wa gesi ya kupikia. Kijana aliyetuletea alikuwa ameshauingiza jikoni karibu na meko kabla hatujamzuia. Kwake mtungi ni mtungi.

Ukiubeba kwa tuktuk, ufungwe usiviringike, na dereva azime sigara yake. Wa kwetu aliuliza kama ni bomu. Nikamwambia akiizima si bomu.

Mashine inataka soketi yake ya ukutani. Tuliwahi kuichomeka kwenye ekstensheni moja na friji na feni, na plagi ikaanza kupata moto. Iache nafasi nyuma yake, isibanwe na pazia, na kile kichujio cha vumbi kioshwe kila wiki.

Wageni sasa. Mgonjwa wa Kiswahili hatembelewi na mtu mmoja, hutembelewa na ukoo. Ami yangu mmoja alikuwa akiizima sigara barazani na kuingia na harufu yake, siku nyingine akaingia nayo ikiwa hai, ameificha ndani ya kiganja. Mimi kumkanya sikuweza. Nikaandika karatasi kubwa mlangoni: HAPA PANA OKSIJENI, MOTO HAUINGII. Karatasi haina umri wala ukoo, na mtu hawezi kuichukia. Sigara ya umeme nayo ni moto, vijana wasiwadanganye.

Tukio la mto lilinifanya nitazame nyumba upya. Tunakaa Mji wa Kale, kichochoro ambacho mkokoteni hupita kwa kuomba njia. Gari la zimamoto halifiki mlangoni. Juu tuna boriti kavu za miaka mingi, madirisha yana grili, na mlango wa nje tulikuwa tukiufunga kwa kufuli usiku, ufunguo uko chini ya mto wa kakangu. Tumemshusha Mama kutoka ghorofani, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, hauondoki. Tumefunga king'ora cha moshi. Tumekubaliana pia ni nani anafanya nini: wa kwanza anazima oksijeni, wa pili anamtoa Mama, wa tatu anapiga 999 au 112 akiwa nje. Kama oksijeni haifikiki, iache, mtoe mtu.

Kuna kifaa kidogo pia, kinaunganishwa kwenye tyubu, moto ukiifuata tyubu kinakata oksijeni. Uingereza hufungwa kwa wagonjwa wa oksijeni ya nyumbani. Sisi hatukupewa, muulize anayekuuzia.

Udi haukufa. Chetezo kinawashwa uani, leso za Mama zinafukizwa kule, zinaachwa upepo uzipige, ndipo namletea. Alhamisi iliyopita alinusa pindo, akanirudishia. Akasema hiyo ni harufu ya upepo, nikafukize tena.