Mnauliza, Tunajibu: Kampuni za teknolojia, pesa za siasa na hesabu ya hewa ukaa

Nasoma uhasibu. Tumepewa darasani ripoti za mazingira za Google na Microsoft. Google inasema tangu 2007 ilikuwa "sifuri" kwa hewa ukaa, lakini jedwali la ripoti yake ya 2024 linaonyesha uchafuzi umepanda. Kampuni inakuwaje sifuri na huku inapanda?
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Sifuri ile ilikuwa ya kununua. Kampuni ilitoa gesi joto kama kawaida, kisha ikanunua krediti za kaboni, yaani vyeti vya tani zinazodaiwa kuzuiwa au kuondolewa hewani, kutoka miradi ya watu wengine ili kufidia. Ripoti uliyopewa inaeleza kwamba mwaka 2023 Google ilitoa tani milioni 14.3, asilimia 48 juu ya mwaka 2019, na kampuni imeacha kununua krediti kwa jumla ili kudai usifuri huo. Microsoft nayo iliahidi Januari 2020 kwamba ifikapo 2030 itakuwa inaondoa hewani kaboni nyingi kuliko inayotoa. Miaka minne baadaye ripoti yake ikaonyesha ongezeko la karibu asilimia 29 tangu 2020. Zote mbili zinataja sababu ileile: vituo vya data, ambavyo sasa vinajengwa kwa kasi kwa ajili ya akili mnemba.

Ukisoma jedwali, tenganisha wigo tatu za uchafuzi (kwa Kiingereza "scope"). Wigo wa 1 ni kile ambacho kampuni inachoma yenyewe, kwa mfano dizeli ya jenereta. Wigo wa 2 ni umeme inaoununua. Wigo wa 3 ni mengine yote, yamegawanywa katika mafungu 15: saruji na chuma cha majengo, utengenezaji wa chipu na seva, usafirishaji, hadi umeme unaoliwa na kifaa kikiwa mikononi mwa mteja. Kwa Microsoft, wigo wa 3 ulikuwa zaidi ya asilimia 96 ya uchafuzi wote. Kwa hiyo kampuni ya aina hiyo ikikuonyesha wigo wa 1 na wa 2 peke yake, imekuonyesha chini ya tani 4 katika kila 100.

Halafu kuna wigo wa 2 wenyewe, na hapa ndipo wahasibu wengi hupotea. Mwongozo wa mwaka 2015 unataka takwimu mbili: moja kwa kufuata gridi, yaani mtandao wa umeme, halisi ya mahali, nyingine kwa kufuata mikataba na vyeti vilivyonunuliwa. Piga hesabu hii. Kituo kinachotumia megawati 100 saa zote kinakula megawati-saa 876,000 kwa mwaka (100 mara saa 8,760). Tuseme gridi ya pale hutoa tani 0.4 kwa kila megawati-saa. Kwa gridi, uchafuzi ni tani 350,400. Kampuni ikinunua vyeti 876,000 vya nishati jadidifu, kila kimoja kikiwakilisha megawati-saa moja, takwimu ya pili inasoma sifuri. Cheti kinaweza kuwa cha umeme wa jua uliozalishwa Texas saa sita mchana, na kituo kikawa Virginia kinakula umeme wa gesi saa nane usiku. Hakuna sheria iliyovunjwa, lakini moshi uko palepale. Google ilitambua udhaifu huu, ndiyo maana mwaka 2020 ilijiwekea lengo la kulinganisha umeme safi saa kwa saa, kwenye gridi ileile, ifikapo 2030. Lengo hilo ni gumu na ni la kweli zaidi. Wewe anza na takwimu ya gridi. Mara nyingi imewekwa kwenye kiambatisho, kurasa za mwisho.

Ndugu wahariri, mimi ni mhandisi wa programu. Kampuni imeniandikia kuniomba nikatwe dola 50 kila mwezi kwa ajili ya kamati yake ya michango ya kisiasa, ile inayoitwa PAC. Mwenzangu anasema kamati hiyo huwachangia wabunge wanaopinga sheria za tabianchi, ilhali kampuni inajinadi kwa ahadi zake za kufuta uchafuzi wake ifikapo 2040. Nitajuaje ukweli? Na naweza kukataa? Nipo kwa viza ya kazi ya muda, H-1B.
*Msomaji, Seattle*

Kwanza viza yako. Sheria ya Marekani inamkataza mgeni asiye na ukazi wa kudumu kuchangia uchaguzi wowote, wa shirikisho, wa jimbo au wa mji, hata kwa dola moja. Usijaze fomu hiyo. Orodha za barua pepe za kampuni hukosea na kuwafikia wasiohusika, na anayebeba hatari ni wewe mwenye viza. Mwandikie msimamizi wa kamati, umwambie kwa maandishi kwamba hustahili kuchangia na jina lako liondolewe. Hifadhi nakala.

Kwa wasomaji wenye uraia au ukazi wa kudumu: mchango ni wa hiari, unaweza kuusitisha wakati wowote, na sheria inakataza mwajiri kukulipizia kisasi. Tangu 1907 kampuni hairuhusiwi kutoa pesa zake za hazina moja kwa moja kwa mgombea wa shirikisho, ndiyo maana kamati hizi hukusanya kutoka mifukoni mwa watu. Mtu mmoja hutoa si zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka, na kamati humpa mgombea si zaidi ya dola 5,000 kwa kila uchaguzi, wa mchujo ukihesabiwa peke yake.

Madai ya mwenzako yanapimika jioni moja. Fungua tovuti ya tume ya uchaguzi ya shirikisho, FEC, andika jina la kamati, ingia kwenye matumizi, pakua orodha ya miaka miwili. Panga majina, kisha linganisha na kura walizopiga kwenye muswada mmoja au miwili ya tabianchi unayoijua vizuri. Usitosheke na kuona kwamba kampuni imegawa sawa kwa vyama vyote viwili. Karibu zote hufanya hivyo. Angalia nani amepata kiwango cha juu kabisa. Angalia pia michango kwa kamati binafsi za viongozi wa bunge, kwa sababu pesa hutoka hapo mara ya pili kwenda kwa wagombea ambao kampuni isingependa jina lake lionekane nao.

Wafanyakazi wakishikilia jambo hili, hubadilika. Baada ya vurugu za Januari 6, 2021 kwenye bunge la Marekani, kamati ya Microsoft, ambayo wafanyakazi walikuwa wakiilalamikia, ilisitisha hadi mwisho wa msimu wa uchaguzi wa 2022 michango kwa wabunge waliopinga kuidhinishwa kwa matokeo ya uchaguzi wa rais.

Lakini PAC ndiyo sehemu ndogo. Pesa kubwa hupita kwenye ushawishi, yaani kulipa watu wa kuwashawishi wabunge na serikali, na kwenye vyama vya wafanyabiashara. Ripoti za ushawishi hutolewa kila robo mwaka, tarehe 20 ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Zinataja kiasi na namba za miswada, ila hazitaji kampuni iliunga mkono au ilipinga, na hilo ndilo pengo linalotumiwa zaidi. Vyama vya wafanyabiashara havilazimiki hata kutaja wanachama wao. Hata hivyo kwa kawaida sheria ya kodi inavitaka vimwambie kila mwanachama ni asilimia ngapi ya ada yake imetumika kwa ushawishi, kwa sababu fungu hilo halipunguziwi kodi. Kwa hiyo mhasibu wa kampuni yako kwa kawaida anayo namba hiyo. Akisema hakuna anayejua, mrudie.

Kuondoka kwenye chama kunawezekana. Apple ilijitoa kwenye U.S. Chamber of Commerce, chama kikubwa cha wafanyabiashara wa Marekani, mwaka 2009 kwa sababu ya msimamo wa chama hicho juu ya tabianchi. Google ilijitoa ALEC, jumuiya ya kampuni na wabunge wa majimbo inayoandika mifano ya miswada, mwaka 2014. Mwaka 2021 Chamber ilipinga muswada wa Build Back Better, uliobeba fedha nyingi za nishati safi, na kampuni za teknolojia zilizokuwa zimeshaahidi kufuta uchafuzi wao zilibaki ndani zikilipa ada. Kwa maoni yetu, kampuni inayolipa ada bila kutamka hadharani kwamba inapingana na chama chake imeshachagua upande.

Tukiandika barua ya pamoja kuuliza kuhusu mikataba ya kampuni yetu na wachimba mafuta, tunaweza kufukuzwa?
*Wafanyakazi wanne, Minneapolis*

Sheria ya kazi ya mwaka 1935 inalinda wafanyakazi wanaochukua hatua kwa pamoja kuhusu hali zao za kazi, hata bila chama. Haiwalindi wasimamizi, na suala la tabianchi likisimama peke yake linaweza kubishaniwa kwamba si la kazi. Kwa hiyo lifungeni na kazi: joto ndani ya maghala, moshi wa moto wa misitu, kazi mnayopewa kuifanya kwa ajili ya visima. Andikeni "sisi", wawili au zaidi mtie sahihi, na msiambatanishe hati za siri za mteja. Hilo ndilo hugeuzwa kuwa sababu ya kufukuza. Amazon iliwafukuza wafanyakazi wawili wanaharakati wa tabianchi Aprili 2020, na Septemba 2021 ikafikia suluhu nao. Barua huzaa matunda pia: Mei 2020 Google ilisema haitaunda tena mifumo maalumu ya akili mnemba kwa ajili ya uchimbaji wa mafuta na gesi. Aliye na H-1B akumbuke akipoteza kazi ana siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine, kubadili viza au kuondoka.

Nimenunua hisa chache za kampuni ya Marekani kupitia programu ya simu. Naweza kupeleka hoja kwenye mkutano mkuu?
*Mwanahisa, Nairobi*

Kwa kanuni ya tume ya masoko ya hisa ya Marekani, SEC, iliyorekebishwa 2020, unahitaji hisa za dola 2,000 ulizokaa nazo miaka mitatu, au 15,000 miaka miwili, au 25,000 mwaka mmoja. Hairuhusiwi kujumlisha zako na za rafiki. Hoja na maelezo yake visizidi maneno 500. Tarehe ya mwisho imechapishwa kwenye waraka wa mkutano wa mwaka uliopita; soma hiyo, pamoja na kanuni inayotumika sasa.

Wengi huangushwa na ushahidi. Hisa za kwenye programu ya simu huandikwa kwa jina la dalali, si lako, hivyo picha ya skrini haitoshi. Unatakiwa barua ya taasisi iliyo mshiriki wa hifadhi kuu ya hisa, DTC, inayosema umemiliki mfululizo hadi siku uliyopeleka hoja. Ongeza tamko kwamba utazishika hadi mkutano, na siku na saa unazopatikana kuzungumza na kampuni, kati ya siku 10 na 30 baada ya kuwasilisha. Kampuni ikikuandikia kuna kasoro, una siku 14 za kurekebisha.

Angalia pia kama inafaa kuhangaika. Meta na Alphabet zina hisa zenye kura kumi kila moja mikononi mwa waanzilishi, kwa hiyo hoja huko ni ya kusikika, haishindi. Hoja ya wafanyakazi wa Amazon Mei 2019, iliyoungwa mkono na zaidi ya wafanyakazi 7,600, nayo haikupita. Septemba mwaka huohuo kampuni ikatangaza ahadi yake ya kufuta uchafuzi ifikapo 2040, siku moja kabla ya wafanyakazi kuacha kazi na kuandamana.

Kampuni za Marekani zinanunua kaboni ya malisho yetu. Tuulize nini kabla ya kusaini?
*Mfugaji, Isiolo*

Mradi wa kaboni wa nyanda za malisho kaskazini mwa Kenya, unaosimamiwa na Northern Rangelands Trust, umekuwa na wanunuzi waliotajwa hadharani, wakiwemo Meta na Netflix. Mwaka 2023 Verra, shirika linalotoa krediti hizo, liliufanyia mapitio baada ya malalamiko. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zinazohusishwa na Northern Rangelands Trust zilianzishwa kinyume cha sheria.

Ulizeni ushahidi wa ridhaa: mkutano upi, siku gani, nani alisaini kwa niaba ya jamii, na kama ardhi imesajiliwa kwa jina la jamii. Ulizeni udongo ulipimwa wapi na mara ngapi, maana kaboni ya malisho, ile inayohifadhiwa udongoni, mara nyingi hukadiriwa kwa modeli ya hesabu kuliko kuchimba udongo na kuupima. Ulizeni pia nini kitatokea ukame ukiwalazimu kuhamisha mifugo nje ya mpango wa malisho.

Kisha pesa. Sheria ya tabianchi ya Kenya iliyorekebishwa 2023 inaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliopita kwa miradi ya ardhi, baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kushika. Mradi ukiingiza shilingi milioni 100 na gharama zikatajwa kuwa milioni 60, asilimia 40 yenu ni milioni 16. Dai mkataba uorodheshe gharama moja moja, uweke kikomo chake, na uwape haki ya kumleta mkaguzi wenu wa hesabu. Orodha ya krediti zilizotolewa na zilizotumika iko wazi kwenye sajili ya Verra, na mara nyingi jina la mnunuzi huandikwa. Ichapisheni kabla ya kikao, mlinganishe idadi hiyo na mapato mliyoambiwa.