Jibu: Albamu inavujaje kabla ya siku yake?

Mkuu, umeuliza jamaa wa pale Mwanga aliyekurushia albamu kwenye memori kadi siku mbili kabla haijatoka aliipata wapi. Hakuiba yeye. Nami niliwahi kukaa kwenye kibanda cha kurushia nyimbo hapa Kigoma. Sisi tulikuwa wa mwisho kabisa kwenye foleni.

Mara nyingi anayevujisha ni mtu wa ndani. Mfano mzuri ni Dell Glover, mfanyakazi wa kiwanda cha sidii kule North Carolina, Marekani. Sidii zilitolewa zimefichwa nyuma ya chuma kikubwa cha mkanda wa suruali. Mlinzi akipitisha kifaa kikalia, anajua ni mkanda tu! Glover alizipeleka kwa RNS, kundi la maharamia wa muziki, likazisambaza kwenye intaneti wiki kadhaa kabla hazijafika dukani. Alifungwa miezi 3.

Siku hizi sidii si kitu. Faili hupitia kwa prodyuza, kwa watangazaji, kwa wasambazaji. Mmoja akimtumia rafiki Whatsapp, imeisha hiyo. Tena mengine ni feki: jina la albamu mpya, ndani nyimbo za zamani. Sikiliza kwanza ndipo ulipe.