Betri imevimba, fundi anataka kuitoboa: maswali yenu ya mwezi huu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu betri na mimi nimefurahi, maana jambo hili linaniumiza muda mrefu sana. Toka Ngamiani mpaka Mabokweni, hapa Tanga, watu wanauziwa vitu vya lithiamu kila siku, simu, pawabenki, taa za sola, sasa na pikipiki za umeme, lakini mnunuzi haambiwi namna ya kukaa navyo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Simu yangu kioo kimeinuka upande mmoja na mfuniko wa nyuma umetuna, nikiiweka mezani hailali sawa. Fundi kasema betri imejaa hewa, tuitoboe kwa sindano itanywea niendelee kuitumia. Huwa naichaji usiku ikiwa chini ya mto. Nikubali? (Dada wa Makorora)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikubali, na kama keshaitoa hiyo sindano mwambie airudishe.

Ndani ya betri ya simu kuna karatasi nyembamba za madini zimekunjwa pamoja, moja imepakwa kinywe, kinywe hikihiki kilichopo kule Mahenge, nyingine mara nyingi ina kobalti, na katikati yake kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele unaozizuia zisigusane, halafu vyote vimelowana kwenye kimiminika kinachoshika moto. Sindano ikipita inatoboa ule utando, pande mbili zinagusana, umeme wote uliomo unapitia mahali padogo kwa mpigo mmoja, joto linapanda, na lile joto linaamsha kemikali nyingine zinazoleta joto zaidi. Ikifika hapo huizuii tena. Moshi wake nao una sumu, usiuvute.

Halafu hiyo sio hewa, ni gesi inayotoka kwenye kile kimiminika kikianza kuharibika. Kinachokiharibu ni umri, ni chaja mbovu, na zaidi ni joto. Apple wenyewe wanaandika kwamba simu zao zitumike kwenye nyuzi joto 0 mpaka 35, sasa chukua Tanga mwezi wa pili, usiku, simu iko ndani ya kava, iko kwenye chaji, juu yake kuna mto na kichwa cha mtu, hilo joto litatokea wapi? Na ikishajaa asilimia 100 inabaki imejaa hivyohivyo mpaka adhana ya alfajiri, betri ya lithiamu haipendi kukaa imejaa muda mrefu, na ikijaa huku ina joto ndio inazeeka haraka kupita kawaida.

Fanya hivi leo leo. Izime, usiichaji tena hata kidogo (picha zako fundi atazitoa akishaweka betri nyingine), usikibonyeze kioo kirudi. Iweke kwenye debe au sufuria kuukuu yenye mchanga mkavu, nje, mbali na godoro na mapazia na mtungi wa gesi, kisha tafuta fundi mwingine anayetoa betri taratibu bila kuichokonoa kwa bisibisi. Ile iliyovimba usiitupe jalalani wanakochoma taka na watoto wasiishike.

Ukipata betri mpya ichaji ukiwa macho, mezani au sakafuni, kava umeitoa. Simu nyingi za sasa kwenye setingi kuna sehemu ya kuzuia chaji isipite asilimia 80, iwashe. Na ile habari ya simu mpya lazima ichajiwe masaa nane, au usubiri izime kabisa ndio uchaji, achana nayo, hiyo ilikuwa ya betri za nikeli za zamani.

Mafundi wa hapa mjini nawaheshimu kweli, wengi wamejifunza bila darasa na wanafufua simu ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa. Ila hii ya sindano naomba muipige marufuku vibandani kwenu, kwa sababu atakayeungua ni yule kijana anayejifunza kwako.

SWALI: Mwalimu habari za huko. Sisi tunavua dagaa usiku, karabai tumeacha, sasa tunatumia taa za LED na betri ya lithiamu ya volti 12. Ile ya asidi taa zikififia tunajua inaisha, hii inawaka vizuri tu halafu ghafla giza. Tumeuziwa mbovu? Na jamaa anayechaji betri za magari anasema chaja yake inafaa, ni kweli? (Mvuvi, Sahare)

JIBU: Nzuri ndugu yangu, poleni na kazi. Angalieni stika, bila shaka imeandikwa LiFePO4. Hii aina haina kobalti, ina chuma na fosfeti, haiwaki kirahisi kama ya simu na inachajika maelfu ya mara, kwa chombo cha baharini mimi naipenda kuliko zote.

Ila tabia yake ni tofauti. Ya asidi ukiipima imejaa inasoma kama volti 12.7, ikifika nusu ni 12.1 hivi, unaiona inavyoteremka. Hii inakaa kwenye 13 na kidogo karibu usiku kucha halafu mwishoni inaporomoka, na ndani yake kuna saketi ya ulinzi inayokata umeme ili seli zisife. Kwa hiyo kuzima ghafla peke yake sio ubovu, ndivyo ilivyotengenezwa, na muuzaji alitakiwa awaambie kabla hamjatoa hela.

Hesabuni kwa masaa. Betri ya Ah 50 (ampea-saa, ndio ujazo wake ulioandikwa kwenye stika) ina kama wati-saa 640, taa zenu zikiwa jumla ni wati 60 mnapata masaa kumi na ushee ikiwa bado mpya, sasa msizimalize zote, zikifika nane anzeni kukusanya nyavu. Na muwe na taa nyingine yenye betri yake mwenyewe, hilo nawasihi sana, kwa sababu siku za giza mko vyombo vingi eneo moja na boti isiyoonekana inagongwa.

Chaja ya jamaa, hapana. Chaja nyingi za betri za asidi zina hatua ya kusukuma volti 15 na zaidi kusafisha sahani za risasi, wakati hii yenu mwisho wake ni 14.6. Ulizeni chaja iliyoandikwa ya LiFePO4.

Jambo la mwisho ni chumvi. Maji ya bahari yanapitisha umeme na yanakula vyuma polepole. Mwaka 2022 kule Florida, Marekani, baada ya kimbunga Ian, kuna magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya chumvi yakaja kuwaka moto siku kadhaa baadaye yakiwa yamepaki tu. Kwa hiyo betri ikae kwenye boksi lenye mfuniko, juu kabisa ya ngama (pale chini maji yanapokusanyika chomboni), na ikizama msiichaji hata ikionekana imekauka.

SWALI: Nimedondosha simu baharini pale Raskazone, nimeizika kwenye mchele. Siku ngapi zinatosha?

JIBU: Itoe sasa hivi. Mwaka 2024 Apple walisema wazi mchele usitumike, punje ndogondogo zinaweza kuingia ndani zikaiharibu zaidi. Kwako tatizo kubwa ni chumvi, na mchele hautoi chumvi. Izime, usichomeke chaja, geuza tundu la chaji liangalie chini uigongegonge taratibu kiganjani, kisha ikimbize kwa fundi aifungue na kuisafisha leo, usingoje kesho.

SWALI: Chaja ya laptopu wati 65, simu yangu ni ya wati 18. Itaiunguza?

JIBU: Hapana, kama zote ni za USB-C (hiyo ni aina ya tundu la chaji) na chaja ni ya maana. Simu na chaja huwa zinaelewana kwanza, simu inavuta kiasi inachohitaji tu. Nchi za Umoja wa Ulaya toka tarehe 28 Desemba 2024 zimelazimisha simu mpya ziwe na tundu hilo moja, ndio maana sasa chaja moja inaweza kutosha nyumba nzima. Cha kuangalia ni waya: ukiushika ukakuta unachoma, au plagi inacheza tunduni, nunua mwingine.