Fildi ya uhasibu: ofisi ndogo ya Kampala Road au startapu ya Ntinda?

Mdogo wangu, kama nimekuelewa, unasoma uhasibu Nakawa, fildi yako (mafunzo ya vitendo kazini) inaanza Juni na una nafasi mbili mkononi. Ya kwanza ni ofisi ndogo ya wakaguzi wa hesabu pale Kampala Road, ya miaka mingi, ambayo hailipi kitu zaidi ya chakula cha mchana. Ya pili ni startapu, yaani kampuni changa, ya Ntinda inayopeleka bidhaa madukani kwa boda. Hao wanakuahidi shilingi 300,000 kwa mwezi na cheo cha Mkuu wa Fedha. Wenzangu waliotangulia kukujibu karibu wote wamesema nenda Ntinda, eti Kampala Road ni kwa wazee. Mimi nimepita kote kuwili: ofisi ya namna hiyo nikiwa mwanafunzi, startapu baada ya kuhitimu. Nakwambia nenda Kampala Road.

Kinachonitia wasiwasi kuliko yote ni hicho cheo. Kampuni inayompa mwanafunzi wa fildi ukuu wa fedha inakutangazia kwamba haina mtu wa fedha. Sasa utakapoandika hesabu yako ya kwanza, nani ataisoma?

Startapu niliyoajiriwa mimi (siitaji jina, wengine bado ni marafiki zangu) ilikuwa imepitiwa na mwanafunzi wa fildi kabla yangu. Nilirithi mafaili yake. Binti alikuwa na akili, Excel yake ilikuwa safi kuliko ya wahasibu wengi ninaowajua. Lakini mauzo yote yaliyolipwa kwa pesa za simu za MTN na Airtel aliyaandika kwa kiasi kilichoingia, yaani ada ikiwa imeshakatwa. Mteja amelipa 100,000, zimeingia pungufu kidogo, naye ameandika hizo pungufu kuwa ndiyo mauzo. Ada haikuonekana popote kama gharama, na mauzo yaliyopelekwa kwa mamlaka ya kodi, URA, kwenye ritani (taarifa) za VAT, kodi ya ongezeko la thamani, yakawa madogo kuliko yaliyofanyika kweli. Kurekebisha ritani za miezi iliyopita ni kazi ya kuchosha, na riba inakungoja. Simlaumu hata kidogo. Waanzilishi walikuwa mabingwa wa programu na wa kuongea na wawekezaji, ila hakukuwa na hata mmoja wa kumwambia, "Hapa umekosea, rudia." Akaondoka na barua nzuri ya sifa, na nina hakika mpaka leo anaamini hivyo ndivyo mauzo yanayolipwa kwa simu yanavyoandikwa.

Kule kwenye ofisi ya ukaguzi mambo yalikuwa kinyume. Mzee mwenye ofisi alikuwa na kalamu nyekundu na swali moja tu: "Namba hii imetoka wapi?" Kila karatasi ya kazi ilipita kwa msaidizi wake, kisha kwake. Wateja wetu walikuwa shule, SACCO, kiwanda kidogo cha uchapaji Nasser Road na wafanyabiashara wa Kikuubo, ambao mmoja alituletea risiti za mwaka mzima ndani ya gunia la mchele. Ukishapanga gunia lile kwa tarehe, ukalilinganisha na taarifa ya benki mpaka namba zikakubaliana, hakuna mtihani wa chuo utakaokutisha. Na usidharau hao wa Kikuubo. Mgomo wa Aprili 2024, maduka ya katikati ya Kampala yalipofungwa kwa ajili ya EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, usingeuelewa vizuri kwa kusoma magazeti. Ungeuelewa kwa kukaa na mwenye duka anayejaribu kutoa risiti ya kielektroniki kwa bidhaa alizonunua bila risiti.

Halafu tazama kalenda. Kampuni zinazofunga mwaka Desemba zina miezi sita ya kupeleka ritani ya kodi ya mapato, kwa hiyo mwisho wao ni tarehe 30 Juni. Siku hiyohiyo wengine wanafunga mwaka wao, na wakaguzi wanatumwa maghalani kushuhudia mali ikihesabiwa. Ukiingia mwanzoni mwa Juni utaona vyote viwili kwa pamoja. Kila mwezi pia kuna tarehe 15, siku ya mwisho ya VAT, PAYE (kodi ya mishahara) na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii). Kwenye ofisi ya wakaguzi utaziona za wateja wengi tofauti. Ntinda utaiona ya kampuni moja, kama wanapeleka.

Hilo la kupeleka waulize waziwazi. Tangu sheria ya NSSF irekebishwe mwaka 2022, kila mwajiri anatakiwa kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja: asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri. Pesa ya mwekezaji ikipungua, hizo ndizo huachwa kwanza, na anayeambiwa "subiri kidogo usipeleke" ni mtu wa fedha. Utakuwa wewe huyo.

Sitakuficha, ofisi ndogo zina ubaya wake. Wiki za mwanzo ni fotokopi na kupanga vocha za malipo. Kuna nyingine mwenyewe haonekani wiki nzima, na mwanafunzi anatia alama za tiki mpaka Agosti. Nenda kabla hujakubali, uulize nani atasaini logibuku yako (daftari la kazi za fildi) na kama utatoka kwenda kwa wateja. Angalia pia kama wamo kwenye orodha ya ofisi zilizopewa leseni na ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda. Kama hawamo, sahau yote niliyoandika juu yao.

Pesa ndiyo sehemu ngumu, najua. Nauli ya taksi kila siku kutoka Kireka si mchezo. Waombe nauli, mara nyingi hutoa ukiomba kwa adabu, ila wao hawatakutajia wa kwanza.

Ungekuwa unasoma programu, huenda ningekutuma Ntinda kesho asubuhi, mradi yuko injinia mzoefu wa kusoma programu uliyoandika kabla haijaenda kwa wateja. Na kwa watu wa Ntinda usifunge mlango. Waambie ukweli, kwamba unataka kwanza kujifunza ukaguzi, na kwamba ungependa kuwasaidia Jumamosi muhula ukianza. Wakiwa bado wapo mwakani, utaingia ukijua la kuuliza.

Barua ya chuo ikishatoka, ipeleke Kampala Road wiki hiyohiyo, mkononi, usitume kwa barua pepe. Ofisi hizi huchukua wanafunzi wawili watatu tu, na wakishazama kwenye ritani za Juni hakuna atakayeifungua bahasha yako.